Muulize Shangazi: Trampolini ya watoto nyumbani, ipi ni salama?

Tangu shule zifungwe meseji za trampolini hazikatiki, nyingine za hapa hapa Dar, nyingine Kenya, na wengine mko Uingereza ambako ukipita mtaani karibu kila nyuma ya nyumba unaliona lile duara lenye neti. Nimechukua chache zenye mambo tofauti. Pale panapohitaji maelezo marefu nitarefusha, maana tunaongelea miguu na shingo za watoto.

*Shikamoo shangazi. Nina watoto watatu, miaka 4, 7 na 11, tunakaa Mbezi na uwa upo wa kutosha. Nimezunguka Kariakoo nikakuta trampolini mbili, moja futi 8 haina neti na bei iko chini, nyingine futi 12 ina neti ila bei karibu mara mbili. Muuzaji kaniambia nikichukua ya neti nimemaliza, hata niwaache nikapike hawawezi kuumia. Nichukue ipi? – Mama wa watatu*

Marahaba mwanangu. Ile isiyo na neti iache huko huko dukani. Lakini huyo muuzaji kakupa nusu ya habari tu, na nusu aliyobaki nayo ndo inayovunja watoto miguu.

Neti inamzuia mtoto asidondoke nje, na kudondoka kupo, tena kutoka kimo cha kiuno cha mtu mzima ukijumlisha na aliporuka. Ila watoto wengi wanaoumia kwenye trampolini wanaumia wakiwa juu yake, pale pale kwenye kitambaa cha kurukia, kwa sababu walikuwa wawili au watatu kwa mpigo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kwenye tamko lao la 2012 walisema karibu robo tatu ya majeraha yanatokea wakati anayeruka si mmoja, na yule mdogo kuliko wenzake anaweza kuwa kwenye hatari ya kuumia hadi mara 14 kuliko yule mzito. Wanaoumia kwa kudondoka nje ni kati ya asilimia 27 na 39. Na hao madaktari msimamo wao ni kwamba trampolini za nyumbani hawazishauri kabisa, nakuambia hili mapema ili ukinunua ununue unajua.

Sasa kwa nini mdogo ndo anaumia? Chukua hao watoto wako. Wa miaka 11 tuseme ana kilo 35, wa miaka 4 ana 16. Mkubwa akitua kitambaa kinazama sana, halafu kinarudi juu na ile nguvu yote ya kilo 35, na kama muda huo huo mdogo ndo anashuka basi mguu wake unakutana na kitambaa kinachokuja juu kwa kasi. Hapo ulaini haupo tena, ni kama kapigwa kutoka chini. Mfupa unaovunjika mara nyingi ni wa muundi, juu kule karibu na goti, na madaktari wa mifupa wanaujua huu mvunjiko kwa watoto wa miaka 2 hadi 5 kiasi kwamba wanauita kwa jina la trampolini yenyewe. Kibaya zaidi hakuna aliyedondoka, hakuna aliyegongana na mwenzie, kwa hiyo mama anaona mtoto analia tu na kudhani anadeka. Eksirei yenyewe inaweza kuonyesha kijiufa kidogo sana. Mtoto akishuka kwenye trampolini akakataa kukanyaga, usimkande na maji ya chumvi ukasema tuangalie kesho, wala usimpeleke kwa fundi wa kuvuta mifupa, mpeleke hospitali apigwe picha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo wa miaka 4 asipande, iwe na kaka yake au peke yake. Chini ya miaka 6 mwili haujaweza kuudhibiti huo mruko, hawa wa Marekani wanasema hivyo na wale wa usalama wa Uingereza, RoSPA, wanasema hivyo hivyo. Atalia akiona wenzake wanaruka, najua, na ndo maana siku ya kununua trampolini mnunulie na yeye chake, baiskeli ndogo au bembea, asikae pembeni anaangalia tu.

Tukirudi dukani. Kama sheria ya nyumbani ni mmoja mmoja, na lazima iwe hiyo, basi futi 12 huihitaji. Ulizia ya futi 10 yenye neti, mtoto wa miaka 11 anaruka vizuri tu, na hela itakayobaki nunua vifaa bora. Ombi langu ni usinunue ikiwa bado kwenye boksi bila kufunguliwa. Mwambie afungue uangalie neti inafungwa wapi, nzuri ni ile inayoshuka kwa ndani na kushikwa kwenye ukingo wa kitambaa chenyewe, yaani mtoto akiegemea hafiki kwenye springi, maana zipo nyingine neti inazunguka nje ya nguzo halafu springi zote ziko ndani pamoja na mtoto. Angalia mlango wa neti, uwe na zipu pamoja na vifungo, au zile neti mbili zinazopishana, kusiwe na uwazi wa kupitisha kichwa. Nguzo ziwe zimevalishwa sponji na ikiwezekana zimepinda kwenda nje. Ule mzunguko wa sponji unaofunika springi ubonyeze kwa kidole gumba, ukisikia chuma chini yake hiyo ni karatasi, na hakikisha inafunika springi pamoja na fremu. Miguu isiwe vijibomba vinavyochezacheza. Halafu tafuta namba ya kiwango kwenye boksi au kitabu chake: EN 71-14 ni ya Ulaya, ASTM F381 ya Marekani, AS 4989 ya Australia. Kama hakuna hata moja na uzito wa mwisho haujaandikwa, muuzaji hana cha kukuonyesha kwamba kile kitu kiliwahi kupimwa popote, mimi nisingelipa.

Na hilo la kuwaacha ukapike, hapana. RoSPA wanasema zaidi ya nusu ya ajali za trampolini zinatokea mtu mzima akiwepo, sasa asipokuwepo kabisa itakuwaje. Kuwepo maana yake umesimama pale, unahesabu nani yuko juu, na ukisema shuka anashuka. Weka alamu ya simu dakika tano tano, ikilia zamu inabadilika, ugomvi utapungua sana.

*Assalaam alaykum shangazi. Niko Leicester na familia, bustani yetu ya nyuma ni ndogo, upana kama mita 6, nusu ni nyasi nusu mawe ya pevingi, fensi ya mbao pande zote. Watoto 8 na 10 wanataka ya futi 14 kama ya jirani. Pia upepo wa huku baridi unatutisha. – Baba Leicester*

Waalaykum salaam baba. Chukua tepu. Futi 14 ni mita 4.27, ukiitoa kwenye mita 6 unabakiwa na mita 1.73, gawa pande mbili, hata mita moja kila upande haifiki. RoSPA wanataka mita 2.5 za wazi kuizunguka yote, hakuna fensi, mti, kamba ya nguo wala banda la vifaa. Kwa uwanja wako hata ya futi 8, ambayo ni mita 2.44, itabakisha mita 1.78 kila upande, yaani bado hujafika. Kwa hiyo jibu la futi 14 ni hapana, na hata hiyo ndogo ningekuomba ufikirie mara mbili, kama kuna bustani ya umma karibu yenye michezo ya watoto huenda ndo jibu lako. Ukiamua kununua hivyo hivyo basi iwe ndogo yenye neti ya ndani, ukiiweka katikati ya nyasi, na fensi upande ulio karibu hakikisha haina misumari au mbao zilizochongoka juu.

Kwenye pevingi usiiweke. Nyasi zinapokea mwili, pia zinashika nanga. Na nanga huko kwenu ni lazima, zile skrubu ndefu za chuma zinazozungushwa kwenye udongo halafu unafunga fremu na mikanda, mifuko ya mchanga peke yake haitoshi. Mnakumbuka kimbunga Ciara cha Februari 2020, trampolini ilipeperushwa hadi kwenye reli kusini mashariki mwa London na treni zikachelewa. Neti ndo inayoshika upepo kama tanga la jahazi, kwa hiyo ukisikia utabiri mbaya anza kuvua neti, na majira ya baridi yakiingia fungua yote uweke ndani. Piga simu na kwa watu wa bima ya nyumba uwaulize kama trampolini imo, hasa kwa sababu watoto wa majirani watakuja, hilo halikwepeki, na mtoto wa mtu akiumia kwako ni jambo zito.

Umeuliza pia, sikuweka swali lote, kuhusu zile zisizo na springi. Zipo, zile za Springfree zilibuniwa New Zealand na Keith Alexander wa University of Canterbury, badala ya springi kuna fimbo za faibaglasi zimekaa chini ya kitambaa, kwa hiyo pale mtoto anaporukia hakuna chuma cha kugonga wala springi ya kubana vidole. Ni wazo zuri kweli na bei yake ni kubwa. Lakini watoto wawili wakipanda pamoja wanaumizana vile vile, fimbo haziondoi hilo, na RoSPA wanasema mwepesi kati yao ndo mwenye hatari mara tano zaidi.

*Habari anti, niko Nyali Mombasa. Jirani anahama na ananiuzia trampolini yake ya miaka kama minne kwa bei ya kutupa, imekaa nje siku zote. Niichukue ama niwache? – Mama Nyali*

Habari nzuri mpenzi. Miaka minne nje, Nyali, karibu na bahari? Nenda kaikague kwanza na uende mchana.

Adui zako hapo ni jua na chumvi. Kitambaa cha kurukia na neti ni plastiki iliyofumwa, na jua la kwetu linaila taratibu bila kubadilisha sura yake sana, unaiona nyeusi nzima kumbe imekauka. Shika neti kwa mikono miwili uivute kwa nguvu kama unataka kuichana, fanya hivyo sehemu ya juu inayopigwa na jua siku nzima na karibu na zipu. Ikichanika mkononi mwako basi usingeweza kuitegemea imzuie mtoto. Kitambaa angalia nyuzi za mshono pale vinaposhonewa vile vipete vya kushika springi, nyuzi zikikatika kimoja kinafuatwa na vingine. Sponji ya pembeni ukiiminya ikatoa unga imekwisha.

Chuma sasa. Kutu ya juu juu inayofutika kwa kidole siyo mwisho wa dunia. Kutu inayobanduka magamba, au iliyo kwenye maungio ya mabomba na pale yalipochomelewa, hiyo hapana, kwa sababu bomba linaoza kutoka ndani ambako maji ya mvua na unyevu wa bahari vinakaa na wewe unaona rangi nzuri nje. Gonga gonga na kijiti usikilize, kisha tikisa miguu mmoja mmoja. Hesabu springi na matundu, zilingane. Springi iliyovutika hairudi, zikiwa zimelala zinaacha nafasi kati ya mizunguko. Na ukikuta sehemu imefungwa kwa waya au kamba badala ya springi, ondoka, maana hata kama ni moja tu kitambaa kinavuta upande na mtoto anarushwa kuelekea ukingoni.

Mara nyingi hizi za kununua kwa jirani fremu inakuwa bado nzima ila neti, sponji na kitambaa vimekwisha. Ulizia bei ya hivyo vitatu kabla hujalipa, jumlisha, utakuta umekaribia bei ya mpya, na tatizo lingine ni kupata saizi inayokubali, idadi ya springi inatofautiana kati ya kampuni na kampuni hata kama zote ni futi 10. Nikiwa wewe, kama neti na kitambaa vimefeli ningeiacha. Ukiichukua au ukinunua nyingine, itafutie kivuli, isiwe chini ya mnazi jamani, kivuli cha ukuta wa mbali au turubai lililowambwa juu sana, na zoea kuisuuza na maji baridi yasiyo na chumvi.

*Niaje anti, bwanangu amesoma mahali kuwa ukichimba shimo uzike trampolini iwe sawa na ardhi ndio salama zaidi. Tuko Syokimau. Ni ukweli? – Mama Syoki*

Ni kweli kidogo. Inapunguza kimo cha kuanguka, ila umeshaona hapo juu kwamba kuanguka nje siyo sehemu kubwa zaidi ya tatizo, na ikiwa chini hivyo vitoto vya miaka miwili vinatembea vinaingia vyenyewe bila hata ngazi. Halafu udongo wenu mweusi wa kule unavimba ukinyesha na kupasuka ukikauka, shimo bila ukuta wa kuzuia litabomoka, na bila bomba la kutoa maji mtakuwa na dimbwi la mbu chini ya watoto. Hata hewa inahitaji pa kutokea, la sivyo kitambaa hakidundi vizuri. Gharama ya fundi itapita ya trampolini. Na neti bado mtaihitaji.

*Shikamoo. Binti yangu miaka 10 anapiga samasoti kwenye trampolini ya binamu zake Arusha, ameona video mtandaoni, anafanya vizuri kweli. Nimkataze au namzibia kipaji? – Baba Arusha*

Marahaba baba yangu. Mkataze leo, na kipaji umtafutie mahali.

Majeraha mengi ya trampolini yanapona, mkono unafungwa hogo, wiki kadhaa mtoto anarudi shule. Samasoti ni habari nyingine kwa sababu ikikosewa mtoto anatua kwa kichwa au shingo, na uti wa mgongo ukiumia pale shingoni anaweza asitembee tena. Wale madaktari wa Marekani wametaja samasoti waziwazi kama jambo la kuzuia kwenye trampolini za nyumbani. Kufanya vizuri mara nyingi hakumlindi, kinachohitajika ni kukosea mara moja, tena kitambaa cha nyumbani hakina mtu wa kumdaka wala magodoro mazito kuzunguka.

Trampolini kama mchezo ipo, imeingia Olimpiki Sydney mwaka 2000, na wanaofika kule hawaanzi na samasoti, wanaanza na kutua. Mtoto anafundishwa kusimamisha mruko kwa kukunja magoti, kukaa katikati ya ile alama, kugeuka nusu, miezi inapita ndo anaanza kupinduka akiwa na kocha na mkanda. Kwa hiyo ulizia klabu ya jimnastiki au kikundi cha sarakasi chenye mwalimu anayeeleweka, umwone kwanza anavyofundisha watoto wengine. Ongea na wazazi wa hao binamu pia, maana sheria ya kwako haifiki kwao kama hujaipeleka.

Na hili wasomaji wote mlishike: mtoto akitua kwa kichwa au shingo akalalamika shingo inauma, au mikono na miguu inakufa ganzi, asinyanyuliwe, asikalishwe, asipewe maji. Mwache alivyolala, mtu mmoja amshikie kichwa kisigeuke, mwingine apige simu ya dharura ya mahali mlipo. Ile haraka yetu ya kumbeba mtoto mzobemzobe kwenye gari ndo inaweza kumaliza uti wa mgongo ambao ulikuwa haujakatika.

*Mambo shangazi! Jumamosi ijayo ni bethdei ya mwanangu anatimiza 7, watoto kama 15 watakuja hapa Kigamboni, trampolini tunayo. Nipangeje? – Mama Kigamboni*

Poa mdogo wangu. Siku hiyo ifunge. Watoto 15 wenye soda na keki, wa miaka mitatu hadi kumi na mbili, wazazi wamekaa wanapiga stori na muziki uko juu, hakuna mtu atakayeweza kusimamia mmoja mmoja hata akijitolea. Toa ngazi uifiche chumbani, fungia zipu ya neti kwa kamba kwa nje, zungushia viti kama unavyo. Waambie watoto mapema, usisubiri wafike nayo iwe ugomvi. Wapangie kukimbia na magunia, kuvuta kamba, rede, mpira, na mwanao ataruka Jumapili asubuhi peke yake akiwa na wewe pembeni.